Katekista na Mistari ya Pumzi

Katekista alikuwa na ncha yake ya benchi. Benchi lenyewe nililichongesha kwa fundi wa hapa Majengo ili wateja wa fotokopi wasubiri wakiwa wamekaa, lakini ile ncha ya kushoto, iliyo karibu na feni, ilishakuwa mali yake bila mtu kuigawa. Mgeni akikaa pale, wenyeji walimwangalia mpaka anasogea mwenyewe. Katekista alifika kama saa nne asubuhi, akaegemeza baiskeli ukutani, akaingia na chupa ya chai na mfuko wa salfeti uliokunjwa mara tatu. Ndani ya mfuko mlikuwa na madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza swali lile lile la kila siku.

"Umechoka?"

"Nimechoka, Katekista."

"Basi tuanze taratibu."

Sikuwa natania. Mwenye steshenari Mpanda ni mtu wa kuchoka. Umeme unakatika ukiwa umebakiza ukurasa mmoja. Wino unaisha siku ya mwisho ya maombi ya ajira. Watu kumi wanataka barua ya aina moja na kila mmoja anataka yake ionekane tofauti. Ikifika jioni macho yanawasha na mgongo hautaki hata kuegemezwa. Katekista alikuwa mteja pekee aliyeniuliza kama nimechoka, na ndiye aliyenichosha kuliko wote. Nayasema yote mawili kwa sababu yote ni kweli.

Wengi walimfahamu kwa kufundisha wasomaji wa kanisani. Ukatekista alishastaafu, ila Jumamosi mchana bado aliwapanga vijana mbele ya altare na kuwasomesha somo la kesho yake. Sauti nzuri hakuijali sana. Alijali pa kusimama. "Nyie mnasoma kama mnakimbizwa na kiboko," aliwaambia, na huku kwetu hilo si neno la kuchekesha tu, wapo waliokimbizwa kweli na mnyama huyo. Alikuwa na penseli nyuma ya sikio, na kwa penseli hiyo alichora mistari ya wima kwenye kitabu cha masomo: mmoja kwa pumzi fupi, miwili kwa pumzi ndefu. "Mmoja, meza mate," alieleza. "Miwili, waangalie watu uone kama bado mko pamoja."

Krismasi moja kiongozi fulani mwenye cheo aliombwa kusoma somo. Akasoma kwa kasi ya mtu aliyeacha gari linanguruma nje. Katekista akasimama kwenye kiti chake, mbele ya watu wote.

"Rudia, mheshimiwa," alisema kwa upole. "Wachungaji bado wako njiani, wewe umeshamaliza."

Yule bwana alirudia. Alirudia vizuri, na baada ya misa alikuja kumshika mkono. Katekista alimwambia kwamba bado kidogo.

Sasa mtu huyo huyo, bingwa wa kusimama, mwenyewe hakusimama popote. Akianza kuongea hupati mlango wa kuingilia. Alihubiri subira, na kwenye baiskeli alikuwa hatari kwa kuku na watoto wa mtaa mzima wa Nsemulwa. Aliwaambia wenzake wa rika lake wapumzike, halafu unasikia yuko Majimoto analima mpunga na kifua kinachokohoa. Maikrofoni aliikataa maisha yake yote, akisema inamsaidia mtu asiyejiandaa. Simu yake aliizima mchana ili ipumzike, akaiwasha jioni na kulalamika kwamba hakuna aliyempigia. Na alikuwa mchoyo wa sifa. Katika miaka yote niliyomchapia, aliniambia "vizuri" mara mbili, na moja kati ya hizo alikuwa anaisifu chai yake.

Yale madaftari yalikuwa na hadithi za dada yake. Huyu dada mkubwa aliishi Majimoto, mkulima wa mpunga, hakujua kusoma, na hadithi alizozijua kwa Kipimbwe, lugha ya kwao, hakuna mwingine aliyezijua zote. Alizisimulia kwenye kibanda cha kuamia ndege, mpunga ukianza kukomaa, huku mkononi ana kombeo na miguuni rundo la udongo uliofinyangwa. Katekista alikaa naye kibandani msimu mzima akiandika. Kumrekodi ilishindikana. Akiona simu imeelekezwa kwake, dada alianza kuongea kama mtu anayetoa maelezo polisi.

Kwa hiyo Katekista aliandika maneno, na kila dada aliponyamaza alichora mstari wake. Mmoja alipomeza mate. Miwili alipogeuka kuwatazama ndege.

"Sasa ndege wanaingiaje kwenye hadithi?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Fisi anabisha hodi," alisema. "Mtoto yuko ndani peke yake. Hapo dada ananyamaza, anaangalia shamba lake. Sisi huku roho juu, yeye anahesabu ndege. Ukiuondoa ule ukimya, huyo fisi hana meno."

Mimi ni Msukuma. Kipimbwe sikijui, na Katekista hakuacha kunikumbusha kwamba ng'ombe wa baba zangu ndio waliokula mpunga wa baba zake. Nilichapa herufi moja moja kama zilivyo, nikitazama daftari, sielewi kitu. Tatizo langu lilikuwa mistari. Kwanza niliweka ule mkwaju wa kwenye kibodi, akaukataa, akasema umelala kama mlevi na watu watausoma "au". Nikaweka ule mstari mwingine uliosimama. Akajaribu kusoma, akausoma kama herufi, neno likaharibika. Akavua miwani, akaifuta, akanirudishia daftari.

"Tafuta," alisema. "Mashine kubwa hivi haiwezi kukosa mstari."

Nilitafuta. Ndani ya kompyuta kuna jedwali la alama za dunia nzima, ambalo mtu wa barua za kazi halifungui kamwe. Nililipekua wiki nzima, kila nikipata nafasi. Nikapita herufi za Kiarabu, za Kihindi, vitu vinavyofanana na kulabu, na asubuhi moja nikafika mahali palipoandikwa kwamba ni maandishi ya Kitibeti. Pale palikuwa na mstari mmoja wa wima, umenenepa juu na kuchongoka chini, kama msumari. Pembeni yake mistari miwili. Nikaikuza kwenye kioo na kumgeuzia Katekista.

Aliitazama muda mrefu. Ilifanana kabisa na mistari ya penseli yake, kwa sababu hata yeye aliikandamiza juu na kuilegeza chini.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ni ya nani?"

Nilisoma kwenye simu nikamweleza. Ni ya watu wa milimani, mbali sana. Wao hawaachi nafasi kati ya maneno kama sisi, wanaweka kinukta baada ya silabi. Sentensi ikiisha wanaweka mstari mmoja, habari ikiisha miwili. Vitabu vyao vingi vya sala vimeandikwa hivyo.

"Kinukta kila silabi?" Katekista alitikisa kichwa. "Hao wana subira." Kisha akawaza. "Sala za dini gani?"

"Wabudha, Katekista."

Akanywa chai. Nilidhani ataikataa, nami ningeanza upya kulipekua lile jedwali. Lakini kesho yake alikuja akasema ameshaongea na Mungu, hakuna tatizo, ila itabidi tuwaombee wenye mistari. Na kweli, tangu siku hiyo kila tulipoanza kazi alifunga macho na kuwaombea ndugu zetu wa Tibeti waliotuazima, mvua kwao na afya. Wateja wakaitikia amina bila kujua wanaitikia nini.

Kila alama ya maandishi duniani imepewa namba yake, ili kompyuta ya Mpanda na ya kwingineko zielewane. Ule mstari mmoja ni sifuri F sifuri D. Ile miwili ni sifuri F sifuri E. Unachapa namba, unabonyeza Alt na X, mstari unatokea. Katekista, ambaye namba ya simu ya mwanawe aliiandika ndani ya kofia, alizishika hizo kichwani siku ya kwanza. Tukapata namna yetu ya kufanya kazi. Yeye anasoma daftari kwa sauti, mimi nachapa, na akifika kwenye kituo anasema "D" au "E". Waliokuja kupiga fotokopi za vitambulisho walimsikiliza mzee anayesimulia Kipimbwe kilichochanganyika na D na E, wakanitazama kwa huruma. Tulifanya hivyo misimu miwili ya mvua. Hadithi kumi na tisa.

Dada yake alifariki wiki mbili tu baada ya sisi kumaliza. Nilikwenda kuzika Majimoto. Kabla jeneza halijafungwa, Katekista alinifuata nilipokuwa nimekaa na akina mama. Alikuwa ameshika ule mfuko wa salfeti.

"Yote yamo kwenye kompyuta?" aliniuliza.

"Yote yamo, Katekista."

"Na mistari?"

"Na mistari."

Akaenda kuyalaza madaftari ndani ya jeneza, chini ya mikono ya dada yake yenye rozari. Alisema ni vitu vyake, arudishiwe. Watu walilia. Mimi nilijiona mtu wa maana, kusema kweli. Nilijiona mtu anayeaminika.

Kitabu tulitaka kichapwe kwa mtu mwenye mashine kubwa, si wa hapa Mpanda. Nikamtumia faili kwenye flashi, kwa basi. Alinipigia siku ambayo dukani watu wamejaa hadi nje, umeme umerudi baada ya kukosekana tangu asubuhi, na kila mtu ana haraka.

"Dada, faili lako lina visanduku vidogo vidogo kila mahali," alisema. "Niviache?"

Wiki iliyotangulia kirusi kilikuwa kimeingia kwenye flashi yangu na kuharibu kazi za watu. Nikajua ni hicho tena. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mteja alikuwa ananionyesha saa.

"Viondoe tu," nilisema. "Vyote."

Akaviondoa kwa mara moja, kama kompyuta inavyoweza. Akanirudishia faili safi kwa barua pepe, nami jioni nikalipachika juu ya lile la zamani, jina lile lile, ili nisichanganye. Niliona nimefanya kazi kwa utaratibu.

Baadaye nilisoma nikaelewa. Kisanduku si kirusi wala uchafu. Kisanduku maana yake namba ya alama ipo, imefika salama, ila kompyuta uliyofungulia haina umbo la kuichora. Mistari ya dada ilikuwa bado yote mle ndani, kila mmoja mahali pake. Kilichotakiwa ni kumtumia yule bwana fonti moja. Niliyeifuta ni mimi, kwa simu, nikiwa nimesimama.

Niligundua nilipofungua faili ili nimwonyeshe Katekista. Kurasa zilikuwa nyeupe, maneno yamefuatana hadi mwisho bila kituo. Nilitafuta kwenye flashi zangu, kwenye barua pepe, kila mahali, nikampigia na yule bwana, naye alikuwa amefanyia kazi juu ya lile lile nililompelekea. Hakuna. Wiki hiyo Katekista hakuja, wala iliyofuata, kwa sababu kifua kilimlaza. Nikashukuru. Mungu anisamehe, mtu anaumwa na mimi nashukuru kwamba ile ncha ya benchi iko tupu. Nilikaa wiki tatu hivyo, nikijiambia nitakwenda kesho.

Siku niliyokwenda nyumbani kwake Nsemulwa nilimkuta ameketishwa kitandani kwa mito minne. Mkamwana wake alinipa kiti akatoka kwenda kufua. Nilimwambia yote kwa mpangilio: visanduku, simu, faili. Sikujitetea, sikuwa na nguvu hizo. Alinisikiliza akiwa ameangalia blanketi.

"Kwa hiyo sasa anakimbia," alisema hatimaye. "Dada yangu. Anakimbia mpaka mwisho."

"Nisamehe, Katekista."

Hakunijibu hilo, na hadi leo hajanijibu. Alikohoa, akanywa maji, akatazama dirishani.

"Zichape karatasi," alisema. "Njoo nazo na penseli."

Basi nikawa nafunga duka saa tisa alasiri na kwenda Nsemulwa. Alishika nakala yake akasoma kwa sauti, mimi nikafuata kwenye yangu, na kila aliposimama nilichora mstari. Alisema anakumbuka, na mimi nilitaka sana kuamini. Alivyosoma ndivyo alivyofundisha, macho yanatangulia mdomo. Lakini sauti ilikuwa imepungua, na katikati ya hadithi ya pili jasho lilimtoka.

Kuna hadithi moja ilikuwa imesalimika, ile ya fisi, kwa sababu nilimchapia karatasi zake ili aisome siku ya mazishi, naye alikuwa ameziweka ndani ya kitabu chake cha sala. Siku ya tatu aliniomba nimpe kile kitabu, karatasi zikaanguka. Nikaziokota, nikaziweka kando ya zile tulizokuwa tunazichora. Ukurasa wa dada ulikuwa na mistari kumi na moja. Wetu, wenye urefu ule ule, ulikuwa na thelathini na saba.

Nilitaka kuukunja ule ukurasa niufiche kwenye mkoba. Nilikuwa nimeshamdhulumu mara moja kwa kutosema, nikaona nisirudie.

"Katekista, dada alikuwa anasimama mara nyingi namna hii?"

Alipokea kurasa zote mbili, akazitazama bila miwani, akanirudishia.

"Hapana," alisema. "Yeye alikuwa na kifua cha mtu wa shambani. Angeweza kufika hadi mtoni bila kituo."

"Sasa hii?"

"Hii ni mimi." Akapumua. "Siku ya kwanza nilimsikia bado. Jana nikawa nasikia kifua changu tu. Nikafikiri nisikwambie."

Nililia pale kwenye kiti, bila sauti, na yeye akaniacha nilie. Kisha akaniambia niandike ukurasa wa mwanzo kwamba maneno ni ya dada, lakini pa kusimama ni pa mdogo wake aliyekuwa mgonjwa, ili msomaji asidanganywe. Hadithi ya fisi niiache kama ilivyo, hiyo ni ya dada kamili. Niliandika. Alinitaka nimsomee nilichoandika, akabadilisha neno moja.

Tuliendelea kwa namna hiyo, hadithi moja kwa siku, siku nyingine nusu. Mistari ilizidi kusongamana. Kufikia ya kumi alikuwa anasimama kila baada ya maneno matatu, nami nikachora kila mara, bila kumwangalia, kwa sababu hakupenda kuangaliwa. Sikumbuki kama niliwahi kufanya kazi yoyote kwa uangalifu kama ile. Nilikuwa nimechoka kama kawaida, ila sikuwa na haraka.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa juzi, tukianza ya kumi na moja. Alisoma mstari wa kwanza, akasimama. Akasoma maneno mawili, akasimama. Kisha akaiweka karatasi juu ya kifua chake, akakunja mikono juu yake.

"Soma wewe," alisema.

"Sijui Kipimbwe, Katekista. Nitakuharibia."

"Pumzi unayo?"

"Ninayo."

"Soma."

Nikasoma. Nilisoma polepole, kila silabi peke yake, kama watoto wanavyosoma. Maneno ya dada yake yalinijaa mdomoni na sikujua ni mtoto anayeongea au mnyama. Nilitegemea atainua kidole kunirekebisha, kama alivyowafanyia vijana wa kanisani, lakini mikono ilibaki pale pale. Nilipofika karibu na mwisho wa mstari wa tatu pumzi iliniishia. Nikasimama. Nikamtazama ili aniambie kama hapo ni mahali pake au la.

Macho yalikuwa yamefumbwa. Nje mkamwana wake alikuwa anakamua nguo, maji yanadondoka kwenye beseni.

"Chora," alisema.

Nikachora mstari mmoja katikati ya maneno nisiyoyajua, nikavuta pumzi, nikaendelea.